René Descartes: Mtu wa x na y, Mpenda Kitanda cha Asubuhi

Kila muhula, wanafunzi wa programu wakifika kwenye somo la kuchora maumbo kwa Java, malalamiko ni yale yale. Mtu anaongeza thamani ya y akitarajia mstatili wake upande juu, unashuka. Anataka duara likae katikati ya dirisha, linajibanza pembeni. Ukipita kwenye vimbweta jioni utasikia lawama zikimwendea Mfaransa mmoja aliyekufa mwaka 1650, kwamba ndiye aliyetuletea haya mambo ya mhimili x na mhimili y, zile koodineti ambazo shule ya msingi tuliziita majira ya nukta. Jina lake ni René Descartes. Hizo herufi s mbili hazitamkwi, msijihangaishe nazo.

Kosa analosingiziwa si lake. Na lile alilolifanya kweli, ambalo linafanya kazi kila mara programu yako inapochora mstari, wengi wetu tumemaliza kidato cha sita bila kulisikia.

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1596 katika mji mdogo wa La Haye, jimbo la Touraine, Ufaransa. Mama yake, Jeanne Brochard, alifariki mwaka uliofuata, mtoto akiwa na miezi kumi na mitatu hivi. Baba yake, Joachim, alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya Bretagne mjini Rennes, kazi iliyomweka mbali na nyumbani kwa muda mrefu. Kwa hiyo René alikuzwa na bibi yake. Alikuwa mtoto dhaifu, mwenye kikohozi kikavu na uso uliopauka, na matabibu waliomwona walisema hatafika utu uzima.

Alipopelekwa kusoma kwa Wajesuiti wa chuo cha La Flèche, afya hiyo ilimpatia ruhusa ambayo wenzake hawakuipata: wakati wengine wanagongewa kengele alfajiri, yeye aliachwa kitandani mpaka jua liwe juu. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote. Sasa mtu asije akaikimbilia kama kisingizio cha kukosa lekcha ya saa moja. Jamaa hakuwa anakoroma. Alikuwa macho, anafikiri, na baadaye anaandika, palepale kwenye mto. Sehemu kubwa ya kazi zake ilianzia kitandani. Mkumbuke jambo hili la kulala asubuhi, maana litarudi vibaya mwishoni.

Katika yote aliyofundishwa alipenda hisabati kuliko kitu kingine, kwa sababu ndiyo pekee aliyoiona ina uhakika. Kilichomshangaza ni kwamba juu ya msingi imara kiasi kile watu walikuwa wamejenga vitu vidogo tu. Mwaka 1616 alipata shahada ya sheria huko Poitiers, kama baba yake alivyotaka, na hakuitumia hata siku moja. Mwaka 1618 alijiunga na jeshi la Maurice wa Nassau huko Breda, Uholanzi, kama askari wa kujitolea. Vita vilikuwa vimesimama kwa mkataba, kwa hiyo kijana wa miaka 22 mwenye akili nyingi alijikuta kambini hana la kufanya.

Hapo ndipo alipokutana, tarehe 10 Novemba 1618, na Isaac Beeckman, Mholanzi aliyemzidi miaka minane. Beeckman alimpa maswali: jiwe linaangukaje, maji yanakandamizaje chombo, nyuzi za kinanda zinatoaje sauti. Yote yalitaka hisabati iingie kwenye vitu vinavyoshikika. Descartes aliamka. Alimwandikia Beeckman kitabu kidogo cha nadharia ya muziki kama zawadi ya mwaka mpya, na kwenye barua za wakati ule alikiri kwamba ni yeye aliyemtoa usingizini. Miaka kumi na kitu baadaye, Beeckman aliposema kwa watu kwamba alimsaidia yule kijana, Descartes alimjibu kwa barua za dharau, akidai hakujifunza lolote kutoka kwake. Kwa maoni yangu hilo ni doa kubwa kuliko yote katika tabia yake. Tutaliona tena.

Mwaka mmoja kamili baada ya siku ile, usiku wa kuamkia tarehe 11 Novemba 1619, akiwa kusini mwa Ujerumani na jeshi jingine, alilala katika chumba chenye jiko la joto na akaota ndoto tatu. Alizitafsiri kuwa ameitwa kuijenga elimu yote upya, kwa njia moja, kama anayepanga matofali. Umri wake ulikuwa miaka 23. Kuna watu kwenye umri huo wanahangaikia bumu limeingia au halijaingia. Yeye miaka michache baadaye aliuza mali aliyoirithi, akawa na kipato cha kutosha kuishi bila ajira. Tusijidanganye kwamba fedha haina nafasi katika hadithi hii.

Mwishoni mwa miaka ya 1620 alihamia Uholanzi na kuishi huko takriban miaka ishirini. Alihama nyumba na miji mara nyingi mno: Franeker, Amsterdam, Deventer, Leiden, Utrecht, Egmond. Watu wengi hawakujua anakaa wapi, na hivyo ndivyo alivyotaka. Barua zake zilipitia kwa padri Marin Mersenne wa Paris, aliyekuwa kama posta ya wanasayansi wa Ulaya nzima. Ufaransa angekuwa na ndugu, wageni na mialiko. Uholanzi alikuwa na mashuka yake na karatasi.

Alikuwa anakaribia kukamilisha kitabu kikubwa kuhusu ulimwengu, ambamo dunia ilizunguka jua, zilipomfikia habari kwamba mwaka 1633 Kanisa huko Roma limemhukumu Galileo kwa jambo hilohilo. Hakuna aliyemtishia Descartes. Uholanzi ya Waprotestanti ilikuwa mbali na mahakama ya Papa. Hata hivyo alikiweka kitabu kabatini, na hakikuchapishwa mpaka alipokufa. Wengine humwita mwoga. Mimi naona alikuwa mtu aliyetaka vitabu vyake vifundishwe kwenye vyuo vya Wajesuiti waliomlea, na kwa hilo alikuwa tayari kunyamaza.

Badala yake, mwaka 1637, mjini Leiden, alitoa kitabu bila jina lake juu ya jalada. Kilikuwa na hotuba ya utangulizi kuhusu njia ya kutumia akili, kikifuatwa na insha tatu za kuonyesha njia hiyo ikifanya kazi: ya mwanga na lenzi, ya hali ya hewa, na ya jiometri. Wanafalsafa husoma utangulizi na kuacha insha. Sisi wa maabara ya kompyuta tunaihitaji ile ya tatu.

Mtasikia kwamba aliigundua mifumo ya koodineti akiwa kitandani anamwangalia nzi kwenye dari, akajiuliza atasemaje nzi yuko wapi. Hadithi tamu, na inaendana na tabia yake ya kulala. Ila katika maandishi yake nzi huyo hayumo. Alichoanza nacho hakikuwa nzi, kilikuwa kikwazo cha zamani.

Tangu Wagiriki, ukizidisha urefu kwa urefu unapata eneo. Ukizidisha tena kwa urefu unapata ujazo. Ukizidisha mara ya nne unapata nini? Hakuna kitu chenye pande nne za namna hiyo. Na huwezi kujumlisha eneo na urefu, kama usivyoweza kujumlisha ekari tatu na mita mbili. Wataalamu wa aljebra, ambayo hata jina lake ni la Kiarabu na lilitoka kwenye kitabu cha al-Khwarizmi, walikuwa wamefika mbali sana, na Omar Khayyam alikwisha kutatua milinganyo migumu kwa kukatanisha mistari iliyopinda. Lakini kile kikwazo kiliendelea kuwabana wengi.

Descartes alikiondoa katika kurasa za mwanzo kabisa. Chagua mstari mmoja wowote, uite moja. Basi. Ukishakuwa na kizio, kwa kutumia pembetatu zinazofanana unaweza kuchora mstari ambao urefu wake ni zao la mistari miwili mingine. Zao la urefu kwa urefu likawa urefu. Sasa x kipeo cha pili, cha tatu, cha nne, hata cha kumi, vyote ni mistari ya kawaida, na unaweza kuvijumlisha bila kuogopa. Programu yako ya Java inafanya hivyohivyo. Ukiandika upana mara kimo na kuweka jibu kwenye int, kompyuta haikuulizi kama hilo ni eneo au urefu. Ni namba, na ukitaka utaitumia kama x ya nukta nyingine. Mnaona ni jambo la kawaida kwa sababu mtu mmoja alilifanya liwe la kawaida.

Hatua ya pili ilitoka kwenye fumbo la Pappus wa Aleksandria, lililokuwa halijapata jibu kamili kwa zaidi ya miaka elfu moja: umepewa mistari kadhaa, tafuta nukta zote ambazo umbali wake kutoka kwenye mistari hiyo una uhusiano fulani. Descartes alichukua mstari mmoja, akachagua mahali pa kuanzia juu yake, akauita umbali wa kwenda kwenye mstari huo x, na umbali wa kutoka kwenye mstari mpaka kwenye nukta akauita y. Halafu akaeleza kila kitu kingine kwa hizo herufi mbili. Mwishoni alikuwa na mlinganyo, na kila nukta inayoutimiza mlinganyo imo kwenye umbo. Umbo likawa kitu cha kuandika. Unaweza kulituma kwa barua kwa mtu aliye mbali, naye akalichora bila kuona mchoro wako.

Herufi zenyewe ni zake pia. Desturi ya kutumia x, y na z kwa visivyojulikana na a, b, c kwa vinavyojulikana ilienea kutoka kwenye insha hii, pamoja na kile kipeo kidogo kinachokaa juu ya herufi.

Na sasa kuhusu lile kosa. Ukiifungua insha ya 1637 hutaona mihimili miwili inayokatana kwa pembe mraba kama kwenye karatasi ya grafu. Mstari wa pili haukuwa lazima usimame wima. Pembe yoyote ilimtosha almuradi isibadilike. Namba hasi hakuzipa nafasi katika michoro yake, na majibu hasi ya milinganyo aliyaita ya uongo. Neno koodineti lenyewe lililetwa na Leibniz mwishoni mwa karne ile. Mihimili yenye pande zote nne, y ikipanda juu, ni kazi ya waliomfuata. Mahali pa sifuri alipaweka pale palipomrahisishia kazi, na katika tatizo jingine akapaweka kwingine.

Kwa hiyo waliotengeneza skrini hawakumkosea walipoweka sifuri kwenye kona ya juu kushoto. Runinga na skrini za zamani zilitumia miale iliyofagia kioo kuanzia juu kushoto kwenda kulia, ikashuka mstari wa pili, hivyohivyo mpaka chini. Mstari wa kwanza uko juu, wa mia moja uko chini yake, basi y inaongezeka ikishuka. Java ilipotoka mwaka 1995 katika kampuni ya Sun Microsystems iliikuta desturi hiyo ikaifuata. Andikeni hizi ndani ya paintComponent muone:

g.drawLine(50, 50, 250, 50);
g.drawRect(50, 80, 200, 120);
g.drawOval(50, 80, 200, 120);

Mstari unatoka nukta ya kwanza kwenda ya pili. Mstatili unachukua kona yake ya juu kushoto, kisha upana na kimo. Duara ndilo linalowaudhi watu, maana zile namba mbili za kwanza si kitovu. Ni kona ya kisanduku kisichoonekana ambamo duara limebanwa. Katika mistari hii mitatu mtaona duaradufu imekaa ndani ya mstatili, ikigusa pande zote nne. Ukitaka duara lenye kitovu (cx, cy) na nusu kipenyo r, rudi nyuma kwa r pande zote mbili:

g.drawOval(cx - r, cy - r, 2 * r, 2 * r);

Namba hasi, Java imezipokea kuliko Descartes alivyozipokea: chora kwenye -50 na haitalalamika, ila sehemu iliyo nje ya dirisha hutaiona, na utakaa nusu saa unatafuta umbo lako limekwenda wapi.

Haki itendeke pia kwa Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse. Katika miaka ileile, bila kumwangalia Descartes, alifika kwenye wazo hilohilo akianzia upande wa pili: yeye alianza na mlinganyo akauliza unachora nini. Maelezo yake ni mepesi zaidi, kwa macho yangu. Lakini hakupenda kuchapisha, na maandishi yake yalitoka mwaka 1679, miaka kumi na minne baada ya kufa kwake. Walipojuana, Descartes alimshambulia vikali. Tabia ya Breda ileile: kukiri kwamba mwingine naye ameona kulimshinda.

Kiburi hicho kiliingia hata kwenye uandishi. Insha ya jiometri ni ngumu kusomeka kwa makusudi. Aliruka hatua, akaacha uthibitisho, na mwishoni akadai kwamba amewaachia wasomaji raha ya kugundua wenyewe. Kila mtu amewahi kuwa na mwalimu wa namna hiyo. Aliyeiokoa kazi yake ni Frans van Schooten wa Leiden, yuleyule aliyemchorea michoro ya kitabu. Mwaka 1649 aliitafsiri insha kwa Kilatini na kuiwekea maelezo, hatua kwa hatua, kisha kuanzia 1659 akatoa toleo kubwa zaidi lenye nyongeza za wanafunzi wake. Kwa lugha yetu, alitoa desa. Kijana Isaac Newton huko Cambridge aliisomea jiometri hii kwenye desa la van Schooten.

Katika miaka ya kuhamahama, huko Amsterdam, Descartes alipanga kwa muuza vitabu mmoja aliyekuwa na mtumishi aliyeitwa Helena Jans. Mwaka 1635 Helena alijifungua mtoto wa kike, Francine, aliyebatizwa Deventer. Descartes na Helena hawakuoana. Tofauti ya hali zao ilikuwa kubwa, na mbele za watu huenda mtoto aliitwa mpwa wake. Lakini alipanga waishi karibu naye, na alikuwa akiandaa kumpeleka Francine Ufaransa apate elimu. Septemba 1640, huko Amersfoort, mtoto alipata homa kali yenye vipele akafa. Alikuwa na miaka mitano. Mwezi uliofuata baba yake Descartes naye alifariki. Mtu huyu aliyefundisha kwamba akili inaweza kutawala hisia alimwandikia rafiki aliyefiwa kwamba yeye si miongoni mwa wanaoona machozi ni ya wanawake tu. Sentensi hiyo moja ndiyo karibu yote aliyoiacha kuhusu msiba huo.

Mwaka 1641 alitoa tafakuri zake za falsafa, zile za kutilia shaka kila kitu mpaka abaki na kimoja kisichotikisika, yaani kwamba yeye mwenye kushuku yupo. Wa idara ya falsafa watanisamehe nikipita haraka. Nitaje tu kwamba uongozi wa chuo kikuu cha Utrecht uliipiga marufuku falsafa yake mwaka 1642, na ugomvi wake na mkuu wa chuo hicho, mwanateolojia Voetius, ulimla miaka kadhaa.

Msomaji mmoja aliyemwelewa, na kumbana, alikuwa Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme aliyepoteza kiti chake, akiishi uhamishoni The Hague. Walianza kuandikiana mwaka 1643, yeye akiwa na miaka 24. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: ikiwa roho si kitu chenye umbo wala uzito, inausukumaje mkono? Descartes alijaribu kujibu kwa barua kadhaa. Nimesoma majibu yake na bado naona swali lina nguvu kuliko majibu.

Mwaka huohuo alimpa fumbo la jiometri: kuna madoadoa matatu ya duara, tafuta duara la nne linaloyagusa yote. Baadaye alijutia kidogo, akiona limemzidi uzito binti wa mfalme. Elisabeth alilipeleka jibu lake, na Descartes akalifurahia. Kwenye barua za fumbo hilo aliandika kanuni ya duara nne ambazo kila moja inazigusa nyingine. Chukua moja gawanya kwa nusu kipenyo cha kila duara, upate namba nne. Zijumlishe, jawabu lizidishe kwa lenyewe. Litakuwa sawa na mara mbili ya jumla ya kila namba ikizidishwa kwa yenyewe. Duara kubwa linalozizunguka nyingine, namba yake inawekwa hasi.

Jaribuni na 2, 2 na 3. Kanuni inatoa majibu mawili kwa namba ya nne: 15 na -1. Yaani kuna duara dogo lililobanwa katikati ya zile tatu, na kuna kubwa linalozikumbatia kwa nje. Tukiamua kwamba kizio chetu ni pikseli 300, nusu vipenyo vinakuwa 150, 150, 100, 20 na 300. Na hesabu ya vitovu, nimeifanya kwa kalamu, inatoka namba kamili bila desimali hata moja:

g.drawOval(0, 0, 600, 600);
g.drawOval(0, 150, 300, 300);
g.drawOval(300, 150, 300, 300);
g.drawOval(200, 0, 200, 200);
g.drawOval(280, 200, 40, 40);

Dirisha lisiwe chini ya pikseli 601 kwa 601, kwa sababu drawOval huongeza pikseli moja kwenye upana na kimo. Mkiona duara zinapishana badala ya kugusana, angalieni kama mmeweka kitovu mahali pa kona. Nafasi zilizobaki katikati nazo zinaweza kujazwa kwa kanuni ileile, duara ndani ya pengo, pengo ndani ya pengo, mpaka pikseli ziishe. Mwaka 1644 Descartes alitoa kitabu chake kikubwa cha falsafa na fizikia akamtunukia Elisabeth, akisema wazi kwamba ni nadra kumpata mtu anayeelewa kwa usawa hisabati yake na falsafa yake.

Kisha likaja kosa lililomuua. Malkia Christina wa Uswidi, kijana, msomi, aliyekusanya wanazuoni kama wengine wanavyokusanya farasi, alimwita Stockholm. Descartes alisitasita kwa miezi mingi. Hatimaye alipanda meli akafika Oktoba 1649. Malkia alikuwa na shughuli nyingi, na muda pekee aliouona unafaa kwa falsafa ulikuwa saa kumi na moja alfajiri, kwenye maktaba yake, katikati ya baridi ya Januari. Mtu wa miaka 53 ambaye tangu shuleni hakuwahi kuamka kabla ya jua alipaswa kupita gizani kwa gari, kwenye barafu, na kusimama kichwa wazi mbele ya malkia. Vipindi vilikuwa vichache. Balozi wa Ufaransa, Pierre Chanut, aliyempangisha nyumbani kwake, aliugua mapafu. Descartes akaugua baada yake. Chanut alipona. Descartes alifariki tarehe 11 Februari 1650.

Kwa kuwa alikuwa Mkatoliki katika nchi ya Kilutheri, alizikwa Stockholm kwenye makaburi ya watoto waliokufa bila kubatizwa. Mwaka 1663 Roma iliviingiza vitabu vyake kwenye orodha ya vilivyokatazwa, pamoja na ule ukimya wake wote wa kabatini. Mwaka 1666 mifupa ilifukuliwa ikapelekwa Paris, ambako leo imo katika kanisa la Saint-Germain-des-Prés. Fuvu halimo. Lilibaki Uswidi, likapita mikononi mwa watu waliokuwa wakiliandika majina yao juu ya mfupa, na mwaka 1821 likatumwa Ufaransa. Liko katika jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, mjini Paris pia, ng'ambo ya pili ya mto kutoka mifupa ilipo. Mji wa La Haye alikozaliwa tangu mwaka 1967 unaitwa Descartes.